Mwalimu Aliyewabishia Hodi Panya

Kabla ya kuingia chumba cha panya, Mwalimu alibisha hodi. Aligonga mlango mara mbili kwa kifundo cha kidole, taratibu, akasubiri kidogo, ndipo akafungua. Wanafunzi wapya walidhani ni mzaha, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kumbe panya akishtuliwa na mlango unaofunguliwa ghafla moyo wake hukimbia, damu yake hubadilika, na atakayeipima damu ile baadaye hatajua kama anapima ugonjwa au anapima hofu.

"Wakisikia hodi wanajua ni watu," alituambia. "Wakisikia kishindo wanadhani ni paka."

Jina lake silitaji. Asingependa, na sisi tuliopita mikononi mwake hatukuwahi kulitumia. Korido nzima ya jengo letu pale chuoni Dodoma ilikuwa na walimu, madaktari na maprofesa, lakini ukiuliza "Mwalimu ameshafika?" hakuna aliyekuuliza yupi.

Mimi ni mtoto wa Bahi. Baba analima mpunga, na kwetu panya ni mwizi anayejulikana kwa sura. Nimekua nikiwafukuza kwa fimbo kwenye matuta na kuwavuta kwa mikia kutoka mashimoni. Kwa hiyo siku ya kwanza ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, Mwalimu alipofungua kizimba na kuniambia nimtoe mmoja, nilifanya nilichokijua. Nilimkamata mkia nikamning'iniza hewani.

Mwalimu hakupaza sauti. Alitandaza kiganja chake chini ya yule panya mweupe mpaka miguu ikapata pa kukanyaga, akamchukua, akamweka kifuani kwenye koti lake. Kisha akanirudishia, safari hii mikononi.

"Huyu," alisema, "hajala mpunga wa baba yako."

Nilikuwa sijamwambia kwamba baba analima mpunga. Alikuwa amesoma faili langu lote kabla sijafika.

Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka milima ya Kondoa, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini. Ushungi wake ulikuwa mweupe kama koti lake, na hakujipaka manukato siku za kazi, hata udi hakufukiza nyumbani, kwa sababu panya wananusa kuliko sisi. Aliwahi kumtoa nje mwenzetu mmoja aliyekuja ananukia kama bwana harusi. "Nenda kaoge, urudi ukiwa mtu wa kawaida," alimwambia, na yule bwana akaenda kweli, akarudi nywele zikiwa mbichi. Mchana alikula ugali wa uwele na mlenda kutoka kwenye kibakuli chake mwenyewe, akiwa amesimama dirishani. Alasiri aliswali chumba cha pili, akarudi moja kwa moja kwenye hadubini kama mtu aliyetoka kunywa maji.

Nyumbani kwake Msalato nilikwenda mara nyingi, kwa sababu alisahihisha tasnifu zetu mezani kwake siku za Jumamosi, malori ya uwanja mpya wa ndege yakipita na kuacha vumbi jekundu juu ya kila kitu. Mara ya kwanza nilipofika nilishangaa. Stoo ilikuwa na mitego minne ya panya, na kibarazani alilala paka mnene asiyejali mtu.

"Mwalimu, huyu paka?"

"Yuko kazini."

"Na wale wa chuoni unawabishia hodi."

"Wale ni wafanyakazi wenzangu," alisema. "Hawa wa hapa ni wezi." Hakuona mgongano wowote, na sikuthubutu kumwonyesha.

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Aliweza kumshika panya anayejitupa na kumlisha kwa sindano butu, ile ndefu inayopita kooni mpaka tumboni, bila kumkwaruza hata kidogo. Lakini mjusi kafiri akitokea ukutani alipiga kelele na kupanda kiti. Alituzuia tusiwape panya majina, maana mtu humpendelea mwenye jina. Tulipochungulia daftari lake tukakuta pembezoni, kwa penseli ndogo, "Bibi Harusi hakula leo." Gari aliliendesha polepole kiasi kwamba bodaboda walimpigia honi na baiskeli zikampita.

Utafiti wetu ulihusu mwarobaini. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa mti huo, kwani barabara zetu zimejaa kivuli chake na hakuna nyumba ambayo mtoto hajawahi kulazimishwa kunywa uchungu wake. Swali letu lilikuwa jepesi kulisema. Parasetamoli, ile dawa ya maumivu iliyo kila duka, ikimezwa kupita kiasi huunguza ini. Je, panya aliyepewa maji ya majani ya mwarobaini kabla, ini lake litaungua vilevile, au litapona kiasi?

Siku ya kwanza ya kikao Mwalimu alituuliza kwa nini mti unaitwa mwarobaini. Tukajibu kwa pamoja kwamba unatibu magonjwa arobaini.

"Haya, nihesabieni."

Tukaanza. Malaria, minyoo, upele, kisukari, vidonda. Tulifika kumi na moja, tukaanza kurudia. Mmoja akasema uchawi, tukacheka. Mwalimu hakucheka. "Kumi na moja," aliandika ubaoni. "Na hayo kumi na moja mmesikia, hamjaona. Kwa hiyo humu ndani hayaitwi dawa. Yanaitwa majani. Siku yakijithibitisha, nitakuwa wa kwanza kuyaita dawa."

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akikosea neno hilo maabara. Alikuwa na msemo mwingine aliourudia tukija na matumaini makubwa: "Panya hajasoma pendekezo lako." Maana yake tunaweza kuandika tunachotarajia kurasa mia, lakini mwili wa panya utajibu unavyojibu.

Tuligawa panya katika makundi. Kundi moja lilipewa maji tu. La pili lilipewa parasetamoli nyingi bila kinga. Matatu yalipewa maji ya majani kwanza, kidogo, wastani na mengi, ndipo parasetamoli. Nilidhani tumemaliza. Mwalimu akaongeza la sita: panya wa kupewa majani mengi peke yake, bila parasetamoli kabisa.

"Hao watatuonyesha nini?" niliuliza. "Hawana ugonjwa."

"Ndiyo maana nawataka."

Niliona ni kupoteza panya na kupoteza muda.

Siku ya kutoa maini ilikuwa siku nyingine kabisa. Redio haikufunguliwa, simu zilizimwa, na Mwalimu aliwalaza panya usingizi wa dawa kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja, akihakikisha kila mmoja hasikii kitu kabla ya kufika kwangu. Hakuwaachia wanafunzi kazi hiyo. Ini la panya mzima ni jekundu la kahawia, laini, linang'aa. La kundi la parasetamoli lilikuwa limepauka, lina madoa, linakwaruza ukiligusa. Kisha nikafungua wa majani ya wastani. Maini yalikuwa karibu sawa na ya waliokunywa maji. Nilimwita Mwalimu kwa sauti kubwa mno kwa siku ile. Alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Yanapendeza," alisema. Kwake hilo lilikuwa shangwe.

Jioni ile, kabla vipimo vya damu havijatoka na kabla sijafika kundi la sita, alifanya kosa ambalo baadaye alilisema waziwazi mbele ya kila mtu. Alimpigia simu kaka yake. Kaka huyo alikuwa na mashine ya kusaga nafaka Kizota, katikati ya gereji na wachomea vyuma, na kando ya uwele na mahindi alisaga majani makavu ya mwarobaini akayauza kwenye mifuko midogo. Alikuwa akimuuliza dada yake kila wiki panya wanaendeleaje. Mwalimu alimwambia maneno matatu tu: mambo yanaonekana mazuri.

Kesho yake nikafungua kundi la sita. Ini la kwanza lilikuwa limevimba. La pili lina madoa. Nilipofika la nne nilikuwa nimeshaamua kwamba nimechanganya vizimba. Vipimo vya damu vikarudi vikisema kilekile: majani mengi peke yake yaliwaumiza panya wasio na ugonjwa wowote. Kidogo na wastani yalikinga. Mengi yaliunguza.

Nilikuwa na muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa watafiti, siku ya mwisho ikikaribia. Niliketi usiku kucha nikauandika vizuri, makundi matano, majedwali yamenyooka. Asubuhi nikampelekea.

Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna kitu.

"La sita liko wapi?"

"Nahisi nilichanganya vizimba, Mwalimu. Na halikuwa swali letu la msingi. Nikaona tuliache."

"Unahisi ulichanganya, au unatamani ulichanganya?"

Mwalimu alifungua daftari la maabara, tukapitia siku baada ya siku, kizimba baada ya kizimba, saini zangu mwenyewe asubuhi na jioni. Hapakuwa na mchanganyo. Hata hivyo hakutaka kuniamini wala kutoniamini. Alisema kundi la sita lirudiwe lote, na panya wapya. Muhtasari haukwenda. Mahafali yalipita, wenzangu wakavaa majoho, mimi nikiwa chumba cha panya nabadilisha maranda ya mbao chini ya vizimba. Nilimchukia kwa wiki kadhaa. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye alijua na hakunipunguzia kazi wala salamu.

Marudio yalitoka vilevile.

Alipoyasoma alifunga daftari, akachukua mkoba. "Twende Kizota," alisema. "Wewe ndiye uliyewalisha, utakuwepo."

Tulikuta kibao kipya kimetundikwa juu ya mlango wa mashine, rangi bado inang'aa: MWAROBAINI HALISI, UMEPIMWA NA WATAALAMU, HUSAFISHA INI. Mwalimu alisimama chini yake akakisoma kama anavyosoma tasnifu, neno kwa neno.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibuni, karibuni!" Kaka yake, mtu mnene mwenye unga mpaka kwenye kope, alizima mashine na kunishika mkono kwa mikono miwili. "Ndiye huyu kijana wa panya? Umetufungulia njia, mwanangu."

Walianza kwa Kirangi, lugha ya kwao Kondoa. Kisha Mwalimu akahamia Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi.

"Kaka, kibao kishushe."

"Kwa nini? Si ulisema mazuri?"

"Nilisema mapema. Nilikosea mimi, si wewe. Yakizidi yanaumiza ini. Tumepima mara mbili."

"Watu wamekunywa mwarobaini tangu enzi za babu yetu."

"Babu alikunywa kikombe alipopata homa, akatema mate siku nzima. Hakunywa asubuhi, mchana na jioni mwezi mzima."

"Hao ni panya, dada."

"Ndiyo, ni panya. Mimi siwezi kukuambia mtu atakuwaje. Lakini na wewe huwezi kumwambia mtu kwamba nimepima nikaona salama. Sikuona salama."

Kaka yake alikunja uso, akageuka kuwasha mashine tena ili mazungumzo yafe. Ndipo mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi, akisubiri uwele wake, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani dada. Mume wangu anakunywa. Mara tatu kwa siku."

Mwalimu akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Alikuwa na homa ya ini."

"Macho yake yakoje?"

"Ya njano. Yamezidi." Akamtazama mwenye mashine kwa haya. "Mzee alisema njano ndiyo sumu inayotoka."

Mashine haikuwashwa. Kaka mtu alibaki ameshika mpini wake, anatazama sakafu.

Tulimkuta mgonjwa nyumba ya tatu nyuma ya gereji, amelala kwenye mkeka, tumbo limejaa, anajibu salamu kwa shida. Tulimpakia kwenye gari la Mwalimu, mkewe amempakata kichwa, na siku hiyo tu niliona gari lile likipita magari mengine. Njiani Mwalimu alimuuliza yule mama kama mumewe ana mzio wa dawa yoyote. Hospitali ya rufaa walimpokea, wakamlaza. Baada ya wiki kadhaa alirudi nyumbani akiwa amekonda lakini anatembea, na mkewe alikuja chuoni na kuku wawili, ambao Mwalimu aliwapokea kwa adabu zote.

Mimi nilikiona kisa kile kama zawadi. Nilikiandika kwenye utangulizi wa tasnifu yangu, aya nzuri ya kusisimua. Mwalimu aliipiga mstari kutoka pembe hadi pembe.

"Daktari amesema hajui majani yalichangia kiasi gani na ugonjwa kiasi gani. Wewe umejuaje?"

"Lakini tulimwona, Mwalimu."

"Tulimwona. Huyo si data yako. Ni mume wa mtu."

Kibao kilishushwa juma lilelile. Kaka yake hakusema naye tangu siku hiyo mpaka Ramadhani ikaisha. Siku ya Idi Mwalimu alibeba sinia ya pilau mpaka Kizota, akasimama mlangoni, akasema shikamoo kaka, na akangoja mpaka ikapokewa. Nilimuuliza aliambiwa nini. "Ameniambia pilau imekolea chumvi," alisema, akatabasamu siku nzima.

Katika miaka yote hiyo nilimsikia akisema uongo mara moja tu, na aliusema kwa ajili yangu.

Baba alikuja kutoka Bahi bila taarifa. Alikuwa amesikia kwamba wenzangu wamehitimu na mimi bado, akapanda bodaboda mpaka stendi, akapanda basi, akafika chuoni na kiroba cha mchele begani, akaulizia mpaka akafika ofisini kwa Mwalimu. Mimi niliitwa nikamkuta amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Shikamoo mzee wangu," Mwalimu alimsalimu akisimama.

"Marahaba, Mwalimu. Sikai sana. Nimekuja kuuliza, kijana wangu amefeli?"

"Hajafeli."

"Maana wenzake wamevaa majoho."

"Mzee wangu, nisikilize." Mwalimu aliketi karibu naye, si nyuma ya meza. "Katika kazi yetu kulitokea jambo baya ambalo wengi wangelificha ili wamalize haraka. Mwanao aliliona, akakataa kulificha. Ndiyo sababu amechelewa. Umelea vizuri."

Baba alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama kabla wala baada. Alisimama, akanipa mkono, mimi mwanawe, kama anavyompa mkono mtu mzima mwenzake. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Alipoondoka nilifunga mlango. "Mwalimu, mimi ndiye niliyetaka kulificha."

"Najua."

"Mbona umemwambia hivyo?"

Alikuwa akiuhamisha ule mchele kutoka mlangoni, haraka, kama mtu anayetaka mada iishe. "Nimemwambia uongo mzee wa watu," alisema. "Na siwezi kuufuta. Sasa ni kazi yako kuufanya uwe kweli."

Nilihitimu mwaka uliofuata. Tasnifu yangu ina makundi sita.

Mwalimu alistaafu akarudi milimani Kondoa, na mimi nikaajiriwa kufundisha. Tulisalimiana kwa simu, kisha simu zikapungua, kwa uvivu wangu. Mwaka huu nilipata safari ya upande ule nikaamua kupita. Nilimkuta uani, anapukuchua mbaazi kwenye ungo, ushungi uleule mweupe. Niliposema hodi aligeuza uso upande wa sauti, si upande wangu, na nikaelewa.

"Mtoto wa jicho," alisema kabla sijauliza. "Macho yote mawili. Wameniandikia tarehe ya upasuaji, usinifanyie uso wa msiba. Mimi naona kivuli chako na naona umenenepa."

Tulikunywa chai. Akauliza ninachunguza nini siku hizi, nikamwambia nina ripoti kwenye mkoba, ya mmea mwingine na ini vilevile, inakwenda kwa mhariri wiki ijayo. Nilikuwa na fahari nayo.

"Isome," alisema.

"Yote?"

"Una basi la saa ngapi?"

Nikasoma. Alikuwa amefumba macho, vidole vinaendelea na mbaazi, ganda huku, punje huku. Nilisoma utangulizi, nikasoma mbinu, nikasoma matokeo na jedwali lake, namba kwa namba, na sauti yangu ikazidi kuwa ya darasani. Nilipofika majadiliano vidole vilisimama.

"Rudi nyuma."

"Wapi?"

"Umesema kila kundi lilianza na panya sita. Kwenye jedwali kundi la tatu nimesikia wanne."

Kuku walikuwa wakidonoa maganda miguuni petu. Nilitazama karatasi ingawa nilijua kilichoandikwa.

"Wawili walikufa," nilisema. "Siku ya tisa. Wote kizimba kimoja. Nilifikiri ni kulishwa vibaya, mwanafunzi alikuwa mpya, na hawakubadilisha matokeo, kwa hiyo..."

"Wako kwenye daftari?"

"Wako."

"Kwenye ripoti?"

Mwalimu alisogeza ungo kutoka mapajani, akapapasa kwenye mkeka kando yake, akapata kalamu aliyokuwa akiandikia hesabu za mbaazi kabla macho hayajamzidi, akaielekeza upande wangu, kidogo kushoto kwa nilipokuwa. Niliichukua. Niliweka ripoti juu ya goti, nikaandika pembezoni kwamba panya wawili wa kundi la tatu walikufa siku ya tisa, na kwamba sababu haikujulikana.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Haya," alisema, akavuta tena ungo wake. "Endelea na majadiliano."